Muhula Wetu Mmoja: Kazi, Mapumziko, na Habari ya Mzee wa Reli



Tumeombwa tuseme nanyi kitambo kidogo juu ya maisha ya mwanafunzi wa chuo kikuu, jinsi afanyavyo kazi na jinsi apumzikavyo. Sisi tusemao ni wanafunzi wanne wa mwaka wa pili, twasoma historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na muhula wetu umekwisha juzi tu. Majina yetu si kitu. Habari ndiyo yenye maana. Wala hatukuja kujisifu, kwa kuwa muhula huu umetuachia jambo ambalo mtu hawezi kujisifia. Basi maneno yetu tutayagawa sehemu tatu: kwanza kazi, pili mapumziko, na tatu habari ya mzee mmoja ambaye kwa ajili yake tulipata kujua kipimo cha mambo hayo mawili.

Kwanza yafaa mkijue chuo chetu. Kilianza mwezi wa Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Tanganyika kupata uhuru wake, nacho kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Kilianzia katika jumba la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wake wa kwanza, wote wa sheria, hawakufika ishirini. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, nje ya mji wa siku zile, na ndiyo maana mpaka leo watu hukiita Mlimani. Mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili chenye kujitegemea. Leo mji umekizunguka pande zote, na mabweni yaliyofunguliwa mwaka 2017 peke yake yalijengwa yachukue wanafunzi 3,840. Mtu akisimama kilimani wakati wa magharibi, akawaona vijana wanavyoteremka na kupanda kama siafu, hukumbuka wale wachache wa Mtaa wa Lumumba, akastaajabu.

Sasa tuseme juu ya kazi. Muhula ni mfupi kuliko watu wadhanivyo. Majuma ya mafunzo ni 15, kisha huja mitihani. Katika kila alama 100 za somo, 40 hupatikana kwa kazi za katikati ya muhula, na 60 kwa mtihani wa mwisho. Kwa hiyo mwanafunzi hawezi kulala tangu mwanzo, akaamka siku ya mwisho, akaokoka. Asubuhi twasikiliza mihadhara, mchana twakaa semina, ambamo kila mtu hutakiwa aseme aliyoyasoma, na yule ambaye hakusoma hujulikana kabla hajafika sentensi ya tatu. Jioni ni maktaba. Maktaba yetu kubwa ilifunguliwa mwaka 2018, na ndani yake wasomaji 2,100 waweza kukaa kwa wakati mmoja. Walakini majuma ya mitihani yakikaribia, viti vyake huwahiwa alfajiri kama maji ya kisima wakati wa kiangazi.

Tena iko kazi isiyoandikwa katika ratiba yoyote, nayo ni kujitunza. Nyumbani mama hupika na baba hulipa; chuoni mtu ni mama na baba wa nafsi yake. Fedha za kujikimu, ambazo wenyewe twaziita bumu, zikifika twala kama mabwana harusi, na majuma mawili baadaye twarudi kwenye wali na maharage, kisha kwenye maharage bila wali. Jambo hili hatumlaumu mtu. Kosa ni la mkono wetu wenyewe. Mwenzetu mmoja alinunua viatu vyeupe juma la kwanza, na juma la tisa akaviuza kwa nusu ya bei ili ale. Alipovuliwa viatu vile, alisema kwamba sasa amekwisha kusoma uchumi.

Ama kuhusu mapumziko, tusiseme uongo: tulipumzika sana. Mji wa Dar es Salaam haumnyimi kijana pa kwenda. Iko pwani ya Coco, ambako mihogo hukaangwa ikaliwa kwa chachandu, miguu ikiwa mchangani. Iko feri ya Kigamboni, ambayo kwa nauli ndogo humpa mtu upepo wa bahari na sura ya mji mzima. Tena iko mipira. Yanga ni ya mwaka 1935, na Simba ni ya mwaka 1936, na tangu siku zile mji huu haujapata kuwa na neno moja. Hata katika chumba chetu watu wawili ni wa huku na wawili ni wa kule. Siku ya mchezo hatuazimani hata sabuni.

Hayo yote ni mema. Mwili ni kama jembe: lisiponolewa huchosha mlimaji bure. Lakini liko pumziko lingine lisilomrudishia mtu nguvu zake, nalo ndilo lililotula sana. Hilo ni simu. Mtu hushika simu ili atazame saa, akaiweka chini saa mbili baadaye, na hiyo saa yenyewe hakuitazama. Ukimwuliza aliona nini, hana la kukuambia. Aliyekwenda pwani hurudi na jua usoni. Aliyekwenda mpirani hurudi na furaha au huzuni. Huyu hurudi vile vile alivyokuwa, ila amechoka zaidi.

Haya, sasa twaingia sehemu ya tatu.

Katika somo moja tulipewa kazi ya historia simulizi. Kila kundi la wanafunzi wanne litafute mzee mmoja aliyeshiriki katika kazi kubwa ya taifa, limsikilize, liyaandike maneno yake, kisha liyalinganishe na vitabu. Sisi tukachagua reli ya TAZARA, yaani reli itokayo Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi katika nchi ya Zambia, urefu wa kilomita 1,860.

Kwa wale ambao hawakuisoma habari yake, tuieleze kwa ufupi. Zambia ilipata uhuru mwaka 1964. Haina bahari, na utajiri wake ni shaba, na njia kubwa ya shaba ile ilipita kusini. Mwezi wa Novemba 1965 walowezi wa Rodesia ya Kusini wakajitangazia uhuru wao, na njia ile ikawa kama mlango ambao ufunguo wake u mikononi mwa mtu asiyekupenda. Basi Zambia na Tanzania zikatafuta njia ya mashariki. Wakubwa wa Magharibi waliambiwa, nao wakaona kwamba reli hiyo haitakuwa na faida. China ikakubali. Mapatano yakatiwa sahihi huko Beijing mwaka 1967, fedha zikawa za mkopo usio na riba, kazi ikaanza mwaka 1970, reli zikaunganishwa mwaka 1975, na mwaka 1976 reli ikakabidhiwa wenyewe. Wachina kwa maelfu na Waafrika kwa maelfu ya maelfu walifanya kazi bega kwa bega. Pagumu kuliko pote ni kati ya Mlimba na Makambako, ambako nchi hupanda kutoka bonde la Kilombero kwenda nyanda za juu. Huko palitakiwa madaraja juu ya makorongo, na mahandaki ndani ya milima. Si wote waliorudi makwao. Katika viunga vya Dar es Salaam, upande wa Gongo la Mboto, yako makaburi ya Wachina zaidi ya 60.

Mzee wetu tulimpata katika mtaa mmoja usio mbali na stesheni. Ndugu wa mwenzetu ndiye aliyetupeleka. Tulimkuta barazani, mtu mrefu, mkavu, mwenye kanzu iliyofuliwa ikawa kama maziwa. Tukamwamkia, "Shikamoo babu," akaitika, akatuuliza habari za makwetu mmoja mmoja kabla hajatuuliza shida yetu. Tulipomweleza, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Miaka yote hii hapana aliyeniuliza."

Siku ile alisema nasi saa nzima, na simu yetu ikanasa sauti yake. Alitueleza jinsi alivyotoka kijijini kwao, upande wa Iringa, mwaka 1971, naye ni kijana wa miaka 19, amechukua blanketi moja na mahindi ya kuchoma. Alitueleza jinsi walivyolala katika mahema, jinsi mvua ilivyochukua usiku mmoja tuta walilolifanyia kazi majuma mawili, na jinsi neno la kwanza la Kichina alilojifunza lilivyokuwa la kuhimiza haraka. Alicheka sana alipotuambia kwamba neno la kwanza la Kiswahili alilojifunza msimamizi wake lilikuwa pole, na kwamba maneno hayo mawili yalitosha kuwaendesha mwezi mzima.

Kisha akafika Mlimba, na hapo akasimama. Akasema, "Mbele ya hapa ni handaki. Habari ya handaki haisemwi upesi, wala haisemwi na mtu aliyechoka. Nimekaa nayo miaka mingi. Njooni Jumamosi, wajukuu zangu, nitawapa yote." Tukamwitikia, tukaagana naye vizuri, tukaenda zetu kwa furaha, maana tuliona kazi yetu imekwisha nusu, na majuma yalikuwa bado mengi.

Jumamosi ile ilikuwa siku ya Simba na Yanga. Tulishauriana, tukasema, mzee yupo, hahami. Mpira ni leo tu. Tukaenda Uwanja wa Mkapa, wenye kuchukua watu 60,000, tukapiga kelele mpaka sauti zikatukauka.

Jumamosi ya pili palikuwa na safari ya Bagamoyo. Gari limekwisha kulipiwa, na sisi ni watu wa historia, nasi tukajidanganya kwamba kuyaona magofu ya Kaole ni sehemu ya masomo. Kweli tuliyaona, yale makaburi na misikiti ya mawe ya karne nyingi zilizopita, na jioni tukaogelea. Hatusemi kwamba safari ile ilikuwa mbaya.

Jumamosi ya tatu hatukuwa na udhuru hata mmoja. Hapakuwa na mpira, wala safari, wala ugonjwa, wala mtihani. Tulilala mpaka saa nne, tukashika simu, jua likapita. Na hiyo ndiyo siku ituchomayo kuliko zile nyingine, maana zile tulizibadili kwa kitu, lakini hii hatukuibadili kwa kitu chochote.

Siku ya Alhamisi iliyofuata tukanunua sukari na majani ya chai, tukaenda. Tulipokunja kona ya mtaa tuliona turubai limefungwa mbele ya nyumba, na wanawake wamekaa juu ya mikeka. Mzee alifariki Jumatatu usiku, na Jumanne alasiri walikwisha kumzika.

Tukaingia, tukatoa rambirambi yetu, tukakaa. Mjane wake alipoambiwa sisi ni nani alituita karibu. Hakutukaripia, na laiti angalitukaripia. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Ninyi ndio wanangu wa chuo. Jumamosi zote tatu alivaa kanzu yake, akakaa pale barazani tangu asubuhi. Mimi nilimwambia hawaji hao, ale alale. Yeye akasema, wanafunzi wana mengi, watakuja tu." Hatukuwa na neno la kumjibu. Tulisema pole, na neno lile, ambalo lilimtosha msimamizi wa Kichina mwezi mzima, kwetu halikutosha hata kidogo.

Tulirudi bwenini usiku, na huko likatokea jambo ambalo tungependa kulificha, lakini tumeahidi kusema kweli. Kazi ilitakiwa juma la kumi na mbili, nasi tulikuwa juma la kumi na moja. Mmoja wetu akasema, "Vitabu vya mahandaki yale vipo maktaba. Tuyachukue ya vitabuni, tuyatie katika maneno ya mzee. Nani atajua? Mwenyewe hayupo." Na wasikilizaji, neno lile halikutuchukiza mara moja kama ilivyotupasa. Tulilipima. Tulianza hata kutafuta jinsi mzee ambavyo angalisema, kwa kuwa sauti yake ilikuwa bado masikioni mwetu. Tulibishana mpaka saa nane za usiku. Mwisho mwenzetu mwingine, ambaye hakuwa amesema tangu tulipotoka msibani, akasema, "Mzee tumekwisha kumwibia Jumamosi tatu. Tukimtia maneno kinywani, tutakuwa tumemwibia na ulimi." Hapo mabishano yakafa.

Tukaandika yale aliyotuambia, mpaka Mlimba. Kisha tukaandika kwamba habari ya handaki hatukuipata, na kwamba hatukuipata kwa sababu hatukwenda siku tulizoitwa. Tukataja zile Jumamosi tatu, moja moja, na tulipokuwa. Kazi tukaipeleka siku nne baada ya siku iliyowekwa, tukapata alama 24 katika 40. Alama za kuchelewa zilikatwa, kama ilivyostahili, na za upungufu vile vile. Ukweli haukutuongezea alama, wala hatukuuandika kwa ajili hiyo.

Baada ya mitihani tulirudi kwa mjane yule, kumpelekea sauti ya mumewe. Tulimtilia katika simu ya mjukuu wake, wakakaa wote barazani wakasikiliza. Walipofika pale pa maneno mawili, mjane alicheka kwa mara ya kwanza. Sauti ikafika Mlimba, ikasema habari ya handaki haisemwi upesi, njooni Jumamosi, kisha kimya. Akatungoja. Akauliza, "Mbona anakatika?" Tukamwambia kweli, kwamba hapo ndipo palipo mwisho, na kwamba kosa ni letu. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akamwambia mjukuu, "Haya, irudishe mwanzo."

Karibu na nyumba ile upo mwembe, na chini yake wazee hucheza bao kila jioni. Marehemu alikuwa mchezaji wao mashuhuri. Tulipokuwa twatoka walituita, wakatupa nafasi juu ya gogo. Tukawauliza kama aliwahi kuwaambia juu ya handaki. Wakatazamana, wakasema, hapana. Ila kete za mkononi zilipokwisha, na namua ikageuka mtaji, alikuwa na desturi ya kusema, "Sasa tumeingia handakini," asiseme tena mpaka mchezo uishe. Hilo ndilo neno peke yake tulilolipata.

Tangu siku ile Jumamosi zetu tumezipeleka chini ya mwembe ule. Twacheza bao, nasi twafungwa vibaya sana. Lakini katikati ya kete wazee husema. Mmoja alikuwa mchukuzi wa bandarini; mwingine alikuwa fundi wa magari katika miaka ya shida ya mafuta. Hatukuwaomba habari kwa ajili ya alama, maana alama zilikwisha kufungwa. Twaziandika tu, wakituruhusu, siku ile ile wanayosema, hatungoji kesho.

Basi, wasikilizaji wetu, tumejifunza nini katika muhula huu? Hatukujifunza kwamba mchezo ni mbaya na kazi ni njema, kama vitabu vya shule vilivyozoea kutuambia. Chini ya mwembe mchezo na kazi vimekaa gogo moja wala havigombani. Tumejifunza kwamba mpira utarudi, na bahari ya Bagamoyo itarudi kupwa na kujaa, lakini mtu aliyevaa kanzu akakungoja barazani hana ahadi ya Jumamosi nyingine. Wenzetu mlio vyuoni, katika kupanga siku zenu, tangulizeni kile ambacho hakirudi. Wazazi, mkitupigia simu msituulize mitihani tu. Tuulizeni pia tumemtembelea nani. Nanyi wazee mlioijenga nchi hii kwa mikono yenu, msitungoje tuje na karatasi na simu. Waelezeni hata wajukuu walio karibu, leo hii, jua halijatua. Sisi tulichelewa, na pengo letu litabaki kati ya Mlimba na Makambako siku zote.